Vyungu Vitatu vya Njia ya Moshi



Reli itokayo Tanga kwenda Moshi ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Urefu wake ni kilomita 352. Wengi wameandika habari za njia hiyo: habari za bandari iliyo mwanzo wake, za mashamba ya mkonge yaliyo kandokando yake, na za mlima mrefu ulio mwisho wake. Mimi nataka kuwaandikia habari za vyungu. Kwa maana katika njia ile kuna vyakula vitatu ambavyo si vya karamu wala vya harusi, bali ni vya nyumbani hasa: bada la Tanga, makande ya Upare, na mtori wa Kilimanjaro. Kuvipika si kazi ngumu, na vitu vyake havina gharama nyingi. Hivyo ndivyo vyakula ambavyo mtu huvitamani akiwa mgonjwa, au akiwa amechoka, au akiwa mbali na kwao.

Labda mmoja wenu atasema, Mwanamume na mambo ya jikoni, wapi na wapi? Namjibu hivi. Sisi walimu twahamishwa. Leo tuko pwani, mwakani tuko bara. Watoto wetu huzaliwa mahali ambapo bibi zao hawapo, na wake zetu hupika kwa maneno waliyopewa na jirani kisimani au njiani: "Tia hiki na hiki, kisha uchemshe mpaka kiive." Ndivyo upishi unavyosafiri siku zote, kwa kinywa cha rafiki. Ni jambo jema sana, na nyumba nyingi zimeshiba kwa njia hiyo. Lakini katika safari yangu nalijifunza neno moja ambalo nataka kila nyumba ilishike: rafiki akupaye upishi nusu hajakupa upishi. Ile sehemu asiyoisema, kwa kuwa kwake ni desturi tu, mara nyingi ndiyo yenye uzima ndani yake. Twende basi pamoja, toka baharini hata mlimani, mpate kuona.

Bada la Tanga

Nalifika Tanga jioni, wakati ngalawa zinaporudi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu kama mimi, akanipokea nyumbani kwake, na mama mwenye nyumba akasonga bada. Kwa wasomaji wa bara wasiolijua, bada ni ugali wa unga wa muhogo. Si jeupe kama sembe. Lina rangi ya kijivu kidogo, lanata na kuvutika, na tonge lake huteleza kooni lenyewe. Mchuzi wake ulikuwa wa changu, wenye tui la nazi na mbirimbi, uchachu wake ukiamsha ulimi. Baada ya safari ya mchana kutwa katika vumbi, sijui chakula kingine cha kumtuliza mtu kama hicho.

Kusonga kwake ni hivi. Kwa watu wanne chukua vikombe vitatu vya unga na vikombe vinne au vitano vya maji. Maji yakitokota, tia unga huku ukikoroga, kisha songa kwa nguvu na upesi, maana likiachwa motoni bila kusongwa hufanya mabonge. Likishikana na kung'aa, limeiva. Samaki naye hupakwa chumvi na ndimu, akakaangwa kidogo. Kitunguu na nyanya huivishwa katika tui jepesi pamoja na mbirimbi, au embe bichi kama mbirimbi hazipo. Samaki hutiwa humo, na tui zito huja mwisho kabisa, likikorogwa polepole juu ya moto mdogo lisije likakatika.

Nikaandika maneno hayo katika daftari yangu. Kisha nikamwuliza mama, "Na unga huu, umetoka wapi?" Akaweka upawa chini, akasema, "Sasa umeuliza, mwalimu. Wageni wote huniuliza kusonga. Unga hawauulizi."

Akanieleza. Mihogo iko ya namna mbili. Ule mtamu humenywa, ukachemshwa, ukaliwa, wala hauna shida. Ule mchungu hupendwa na wakulima kwa sababu nguruwe na nyani hawaupendi, tena hustahimili jua; lakini hauliwi hivi hivi. Yeye huumenya, akauloweka katika maji siku tatu au zaidi hata ulainike na kuchachuka. Kisha huutoa nyuzi, huuvunja-vunja, huuanika juani ukauke kabisa, ndipo autwange na kuuchekecha. Kusonga ni kazi ya robo saa. Unga ni kazi ya juma zima. "Mama yangu hakunieleza sababu," akasema. "Alinipiga kofi tu nilipotoa mihogo majini siku ya pili."

Sababu, wasomaji, leo twaijua, nayo si ndogo. Muhogo mchungu huleta sumu iitwayo sianidi. Mtu alaye kwa majuma mengi muhogo usioondolewa sumu, naye hana samaki wala maharagwe ya kulia, aweza kupatwa na ugonjwa uitwao konzo. Miguu yote miwili hukakamaa na kupooza kwa ghafula, wala hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake katika Kongo mwaka 1938. Na jina lenyewe ni la Wayaka wa kule, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipatwa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulionekana kwetu, katika wilaya ya Tarime. Njaa iliwaharakisha watu: hawakuweza kungoja zile siku, nao wakala.

Hata pasipo njaa, haraka yaweza kuingia. Katika Bandundu, huko Kongo, ilitengenezwa barabara njema ya kwenda Kinshasa, na wafanya biashara wakaja kutaka mihogo kwa wingi. Watu waliokuwa wakiloweka kwa siku tatu wakaanza kuloweka siku moja ili wauze upesi, na konzo ikaingia katika nyumba zao. Muhogo ulikuwa ule ule, na maji yale yale. Kilichopungua ni siku mbili.

Tazameni tena hekima ya lile sahani la Tanga. Samaki hakuwekwa pale kwa anasa. Mwili huhitaji chakula cha namna ya samaki, nyama na kunde ili uweze kuishinda ile sumu kidogo iliyobaki. Kwa hiyo yeye afundishaye bada bila kitoweo amefundisha nusu. Naye afundishaye kusonga bila kuloweka hajafundisha hata hiyo nusu.

Na kama umenunua unga sokoni nawe hujui ulivyotengenezwa, iko njia nyepesi iliyofundishwa na wataalamu wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, nayo imetumika Msumbiji, Kongo na Tanzania. Changanya unga na maji hata ulowe wote. Utandaze juu ya ungo au mkeka safi, unene wake usipite upana wa kidole kidogo. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu hutoka kama hewa. Kisha usonge siku ile ile.

Mbegu iliyotoka Amani

Kutoka Tanga nalikwenda Muheza, na kutoka Muheza nalipanda milima ya Usambara ya mashariki hata Amani. Njia hupinda-pinda katika msitu, na baridi huanza kabla mtu hajafika juu. Wajerumani walianzisha pale kituo cha kuchunguza mimea mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka nchi nyingi ingali ikionekana.

Nalipanda kwa ajili ya muhogo. Mnajua kwamba muhogo si mmea wetu wa asili. Ulitoka Marekani ya Kusini, ukaletwa Afrika na mabaharia Wareno. Ulipokwisha kuenea, maradhi yakauandama. Batobato, ambayo hukunja majani na kuyatia madoa ya manjano, iliandikwa mara ya kwanza katika nchi yetu mwaka 1894. Katika miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey na wenzake pale Amani walianza kuutafutia muhogo kinga. Waliuchanganya na jamaa zake wa porini, hasa mti wa mpira ulio ndugu yake, wakachagua machipukizi mwaka baada ya mwaka. Na katika miaka ya 1950 mbegu zilizotokana na kazi ile zilipelekwa Nigeria, zikawa mama wa mihogo mingi ishindayo batobato huko Afrika ya magharibi.

Nawaandikia hayo kwa sababu watu wengi wa Usambara hawajui kwamba mlima wao ulitoa zawadi kubwa namna hiyo. Tena yanaonyesha kwamba vyakula tunavyoviita vyetu vilitufikia mikononi mwa watu. Muhogo, mahindi na maharagwe yalitoka Marekani. Migomba ilitoka Asia ya kusini mashariki. Hakuna chungu katika njia hii kisichokuwa na deni kwa mgeni fulani. Kwa hiyo haifai mtu kuuficha upishi wake kama siri ya ukoo.

Kambi za mkonge

Nikashuka tena barabarani. Kupita Korogwe hata Mombo milima ya Usambara husimama kuumeni kama ukuta, na kushoto ni bonde la mto Pangani na nyika. Hapo mkonge hupangwa safu kwa safu mpaka macho yachoke. Nao pia ni mgeni: mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ikafika hai. Kutokana na hiyo michache, nchi ikaja kutoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960.

Kazi ile ilileta watu kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Warundi, Wangoni wa Songea, Wamakonde wa kusini na wa Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake. Wengi walikuja bila wake zao, wakapewa posho ya unga na maharagwe, wakajikuta wanaume watupu mbele ya chungu. Mzee mmoja wa Korogwe, ambaye baba yake alikuwa katika kambi hizo, alinieleza walivyofanya. Walikula kikoa: leo hupika huyu, kesho yule, na kila mmoja hupika kama kwao. Kwa njia hiyo Muha alijifunza kukuna nazi, na mtu wa pwani alijifunza kupika maharagwe ya Kigoma kwa mawese. "Baba yangu alisahau lugha za wenzake wote," akasema mzee, "lakini vyakula vyao alivipika mpaka alipokufa."

Nilifurahi kusikia hayo. Tena nikaona sababu moja kwa nini upishi wa kambini ulifika mzima: hawakupeana kwa maneno. Kila mtu aliketi karibu na moto wa mwenziwe, akaona kinachofanywa, hata yale ambayo mpishi mwenyewe asingekumbuka kuyasema.

Makande ya Upare

Baada ya Mombo nchi huwa kavu zaidi. Milima ya Upare huizuia mvua itokayo baharini, hata upande wa barabara, kwenye Hedaru, Makanya na Same, hupata kidogo, na juu mlimani ni kijani. Wapare wa zamani walichimba mabwawa yaitwayo ndiva ili kuyaweka maji ya mlimani usiku, wakayagawa mashambani mchana kwa zamu. Watu waliojua kungoja zamu ya maji, si ajabu kwamba chakula chao kikuu ni chakula cha kungoja.

Makande ni mahindi na maharagwe katika chungu kimoja. Nalikaribishwa katika nyumba moja juu ya Same, na bibi mzee wa nyumba ile alikuwa na chungu juu ya mafiga tangu asubuhi. Nilimwomba anifundishe, akacheka. "Mwanangu, makande hayafundishwi. Ni mahindi, maharagwe na maji." Kisha akaendelea kusema kwa saa nzima.

Nayaweka hapa kwa ufupi. Chukua vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe kimoja cha maharagwe. Viloweke usiku kucha, kila kimoja mbali. Asubuhi mwaga maji yale. Chemsha mahindi kwanza kwa muda wa saa moja, ndipo utie maharagwe na maji mengine. Moto wa kwanza uwe mkali, maharagwe yatokote kwelikweli kwa dakika kumi au zaidi, kwa maana maharagwe yaliyopashwa moto tu bila kutokota hutapisha na kuharisha. Kisha punguza kuni, funika, acha chungu kijisemee chenyewe saa mbili au tatu. Ukiona maharagwe yanapondeka kwa vidole, tia chumvi, kitunguu na nyanya vilivyokaangwa kwa mafuta kidogo. Watu wa pwani hutia tui la nazi mwisho, na makande hayo ni matamu sana. Chungu kikubwa huliwa jioni, na asubuhi hupashwa moto watoto wakala kabla ya kwenda shule.

Sasa, ni sehemu gani ya makande ambayo haisemwi? Ni kile kikombe cha maharagwe. Mwaka wa shida maharagwe huwa ghali, na mtu hujiambia, mahindi yatosha, tumbo litajaa. Tumbo litajaa, ni kweli. Lakini mahindi peke yake hayatoshi kuujenga mwili. Watu wa Meksiko, walio wazazi wa mahindi, huyapika kwa chokaa au majivu na kuyala pamoja na maharagwe. Wazungu walipoyachukua mahindi hawakuichukua desturi ile ya kupika. Basi maskini wa Ulaya walioishi kwa mahindi matupu wakapatwa na ugonjwa wa kuchubuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa akili. Daktari Gaspar Casal aliuona katika Hispania mwaka 1735, na Waitalia wakauita pelagra, yaani ngozi kali.

Wala msidhani kwamba hayo ni ya kale tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokaa Malawi walikuwa wakilishwa posho ya mahindi. Karanga zilizokuwa zikitolewa pamoja nayo zilipokosekana, zaidi ya watu 17,000 wakapatwa na pelagra katika miezi michache. Mahindi hayakupungua. Kilichokosekana ni mwenzi wake.

Bibi yule hakuwa amesikia jina la pelagra. Lakini nilipomwuliza kama yafaa kupunguza maharagwe wakati wa shida, akanijibu, "Punguza mahindi. Mahindi hujaza tumbo. Maharagwe ndiyo yanayomlea mtoto." Kama maharagwe hayapatikani kabisa, alisema, tia kunde, au choroko, au mbaazi, au karanga zilizotwangwa, lakini usitie mahindi matupu ukayaita makande.

Mtori wa mlimani

Kutoka Same hata Moshi ni mwendo mfupi, na siku ya mawingu machache Kilimanjaro huonekana mbele, chenye urefu wa mita 5,895. Nikapanda vihambani, ambako nyumba hukaa chini ya migomba, na mibuni chini ya migomba, na maji ya mifongo hupita kati. Mgomba haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa chipukizi, na chipukizi hutoka kwa jirani. Shamba lote la migomba ni orodha ya marafiki, kama mtu angejua kuisoma.

Huko hupikwa machalari, yaani ndizi na nyama. Na kiburu, ndizi na maharagwe. Lakini chakula kilicho juu ya vyote kwa kumpa mtu nguvu ni mtori. Hupewa mgonjwa, hupewa mzee asiye na meno, na zaidi ya wote hupewa mama aliyejifungua.

Kupika mtori: chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa, ichemshe hata iwe laini, uitoe mifupa na kuikatakata ndogo. Paka mikono mafuta ili utomvu usikushike, kisha menya ndizi mbichi kumi au kumi na mbili. Zile ziitwazo mchare ndizo bora. Zitie katika maji mara unapomenya zisiwe nyeusi. Zichemshe katika ile supu pamoja na kitunguu, muda wa nusu saa hivi. Zikilainika, ziponde kwa mwiko au kipekecho mpaka zifanane na uji mzito. Rudisha nyama, tia chumvi, na siagi au maziwa kidogo. Ni hayo tu. Mtoto mchanga hapewi mtori. Kwake maziwa ya mama yatosha mpaka atimize miezi sita. Mtori ni wa mama yake.

Nina rafiki kijana, mwalimu, mzaliwa wa mlimani, aliyepelekwa kufundisha mbali sana katika nchi ya joto. Mkewe alijifungua mtoto wa kwanza huko. Majirani walikuwa wema, wakaulizana huyu mgeni apewe nini. Naye alijua jina la chakula cha kwao, asijue kukipika. Akampigia mama yake simu. Mama akamtajia ndizi, nyama na kitunguu, naye akaandika. Halafu akampa mkewe karatasi ile, akaenda shuleni.

Baada ya siku nne mama alipiga simu kuuliza habari. Akaambiwa kwamba mzazi hana nguvu, hali sawasawa, na maziwa ni kidogo. Akauliza, "Nani anamenya ndizi?" Kijana akajibu, "Mwenyewe." Mama akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mtori anaoupika mzazi mwenyewe si mtori."

Zamani huko mlimani mama aliyejifungua alikaa ndani miezi mitatu. Hakuchota maji, hakukata majani ya ng'ombe, hakupika. Mama mkwe wake na wanawake wa ukoo walimlisha. Pwani nako huhesabu siku arobaini, na mzazi hupewa uji wenye pilipili manga, akakandwa kwa maji ya moto. Kila kabila lina namna yake, lakini neno ni moja: mzazi hapewi chakula tu, hupewa pumziko, na mikono ya wengine. Hilo halimo katika orodha ya vitu vya mtori, kwa kuwa mlimani hakuna aliyedhani kwamba lahitaji kusemwa. Kijana hakuambiwa, kwa sababu mama yake hakufikiri kwamba mtu aweza kutojua.

Tangu siku ile akaamka alfajiri, akamenya ndizi, akaweka chungu motoni kabla ya kwenda darasani. Mchana jirani mmoja alikuja kupasha moto na kumlisha mzazi. Na jioni kijana akafua nguo za mtoto. Mzazi akapata nguvu. Na wale majirani, baada ya kuketi karibu na chungu kile siku nyingi, leo wanapika mtori katika nchi ambayo mchare hauoti, wakitumia ndizi za huko. Wanasema ni chakula chao.

Namna ya kumpa rafiki upishi

Vyungu hivi vitatu vimetufundisha mambo matatu. Bada limetufundisha kungoja siku zake. Makande yametufundisha kutotenganisha chakula na mwenzi wake. Mtori umetufundisha kwamba mikono ipikayo ni sehemu ya upishi. Basi, ndugu, mtu akikuuliza unapikaje chakula cha kwenu, usimpe orodha tu. Mwambie mambo manne.

Kwanza, vitu na kipimo chake, kwa kikombe anachokijua yeye. Pili, muda: siku za kuloweka na saa za motoni. Tatu, jambo lisilorukwa hata mtu akiwa na haraka au akiwa na shida, pamoja na sababu yake. Kwa maana kofi humfanya mtoto ashike desturi, bali sababu humfanya mtu mzima aishike hata pasipo wa kumpiga. Nne, chakula hicho huliwa pamoja na nini, huliwa na nani, na ni nani apaswaye kukipika.

Na wewe uliyeuliza, usiridhike na maneno ya njiani. Omba ruhusa uje siku anayopika, uketi jikoni, uone. Walimu wanaotazamia kuhamishwa wafanye hivyo mapema, waume kwa wake, pamoja na kuandika katika daftari. Wala mume asione haya kushika kisu cha kumenyea ndizi, kwa kuwa siku itafika ambapo nyumbani hapatakuwa na mwingine wa kukishika. Bibi zetu waliobaki wanajua mengi ambayo hawajui kwamba wanajua. Tuwaulize wangali wakiketi karibu na mafiga, tena tuulize habari za unga, tusiulize habari za kusonga peke yake.